Mwezi Juu ya Nyusi

Siku Barend Diergaardt aliposema ataitoboa bunduki ya marehemu baba yake ili aifunge darubini, mkewe Lenie alimwekea mkono kwenye paji la uso aone kama ana homa.

Msimlaumu. Huyu alikuwa Barend, mtu aliyewavunja mbavu watu wa mashamba yote ya kusini mwa Rehoboth kwa kuwasimanga wenye darubini. Kwake yeye bunduki ilikuwa na lengeo moja tu la haki: kijiti cha chuma kilichosimama kwenye ncha ya mtutu, na bamba dogo lenye mfuo huku nyuma, karibu na jicho. Kijiti kiingie katikati ya mfuo, mnyama akae juu ya kijiti, kazi imekwisha. "Darubini," alikuwa akisema kila msimu wa mawindo, mdomo umejaa nyama iliyopigwa na mwenye darubini, "ni miwani ya mtu ambaye baba yake hakuwa na muda naye."

"Sina homa," Barend alisema, akiuondoa mkono wa mkewe. "Ni kwa ajili yako, Mama. Mwanafunzi huanza na darubini."

"Mwanafunzi gani?"

"Wewe. Kwani kuna nani mwingine humu ndani?"

Hakukuwa na mwingine. Waliitana Baba na Mama kama wazee wengi huku kwetu, lakini binti yao wa pekee, Salmien, alikuwa ameolewa Walvis Bay miaka mingi nyuma, na sauti yake waliisikia kwenye simu tu siku za Jumapili. Lenie hakuwahi kushika bunduki ile zaidi ya kuipangusa vumbi. Kazi yake ilikuwa kisu, chumvi na giligilani. Hakuna aliyemshinda kukata nyama ya kuanika, na sifa hiyo ilimtosha.

"Bweha wanatumalizia wanakondoo," Barend alieleza.

"Bweha wamekuwepo tangu nilipoolewa. Ukiwapiga wewe hawafi?"

"Goti, Mama."

Lo, goti! Tangu Pasaka goti lile lilibebeshwa kila lawama. Goti lilimfanya amwachie Lenie usukani wa gari. Goti lilimfanya aukanyage mtungi wa maziwa uliokuwa wazi kabisa mlangoni. Hata kusoma Biblia baada ya chakula cha jioni, kazi ya mwenye nyumba tangu enzi za babu zake, alikuwa amemwachia mkewe, eti sauti yake ni tamu zaidi. Kwa hilo Lenie alifurahi, mjinga wa Mungu, akadhani anapendwa.

Halafu Barend akasema neno lililokuwa moyoni mwake hasa. "Mwezi wa saba tunakwenda kwa Fonnie. Sitaki kuletewa beseni."

Kila mwezi wa saba, baridi ikishakaza, jirani yao Fonnie van Wyk hufungua shamba lake, na kila nyumba ya pande hizi hupeleka bunduki moja kuwinda swala. Nyama hugawanywa kwa bunduki. Nyumba isiyo na bunduki nayo hupata, maana sisi si wachoyo. Huletewa beseni limefunikwa kitambaa, na anayelileta huliweka mlangoni na kuondoka haraka asimwaibishe mtu. Ni la wajane na wagonjwa. Nyumba ya kina Diergaardt haikuwahi kupokea beseni, tangu baba yake Barend alipokuwa kijana mwenye kiuno chembamba.

"Sawa," Lenie akasema. "Nifundishe."

*

Duka la bunduki lilikuwa Windhoek, la mzee mmoja wa Kijerumani aitwaye Traugott, mwenye masharubu yaliyogeuka njano kwa tumbaku. Barend aliiweka bunduki yake mezani kama mtu anayemlaza mtoto mgonjwa kwa daktari.

"Bibi amewahi kupiga?" Traugott aliuliza.

"Nimewahi kupiga kelele tu," Lenie akajibu, na mzee akacheka mpaka akakohoa.

Akatandika kitambaa, akapanga vitu. Alikuwa mwalimu mzuri, si mfanyabiashara mwenye haraka. Lengeo la chuma, alisema, linalitaka jicho litazame vitu vitatu kwa mpigo mmoja, bamba la nyuma, kijiti cha mbele na mnyama mwenyewe, na jicho likishapita ujana hukataa. Barend akasafisha koo. Kisha kulikuwa na kioo kidogo chenye nukta nyekundu: unafumbua macho yote mawili, unaiweka nukta juu ya mnyama, unapiga. Kizuri kwa nguruwe pori kwenye vichaka, si kwa uwanda mtupu ambako swala anakuona kabla hujamwona. Kulikuwa pia na darubini ndefu kama mkono wa mtu.

"Hii ndiyo yenyewe," Lenie alisema, maana ndiyo iliyong'aa.

"Hapana, bibi. Hiyo inakuza mno. Utaona moyo wako mwenyewe ukidunda ndani ya kioo, utaogopa, utavuta kabla ya wakati. Anayeanza anataka hii." Akainua darubini fupi, nyeusi, ya kawaida sana. "Inasogeza mnyama mara nne, haina vitu vya kuzungusha, haina maringo."

"Lete niione," Barend akasema.

Akaichukua, akaenda nayo hadi dirishani, akaiweka kwenye jicho lake la kulia, jicho lile la sifa zake zote. Akaituliza. Akakaa nayo kwa muda, kichwa kimeinama kidogo, kama tulivyomzoea.

"Mama yangu wee," alisema. "Safi kama maji ya kisima! Unamwona yule njiwa juu ya paa la benki? Naziona hadi kucha zake."

Darubini ilikuwa na kifuniko. Kifuniko cheusi cha mpira, cha upande wa mbele, kilikuwa bado kimebana mahali pake kama kilivyotoka kiwandani.

Traugott alifungua mdomo. Lenie akamtazama, akatikisa kichwa mara moja tu, na mzee yule, Mungu ambariki, akaufunga mdomo na kuanza kukunja kitambaa ambacho hakikuhitaji kukunjwa.

"Hebu nami," Lenie akasema. Sauti yake ilitoka vizuri, mwenyewe akashangaa. Akaipokea darubini, akakitoa kifuniko kwa kidole gumba, akatazama. Paa la benki lilikuwa pale, bati jekundu na waya wa simu. Njiwa hakuwepo.

"Umemwona?" Barend akauliza.

"Nimemwona, Baba. Mnene."

"Ndiyo hiyo. Tufungie, mzee."

Barabara yote ya kurudi Lenie aliendesha yeye, kwa sababu ya goti. Sasa kila kitu kikajipanga. Mtungi wa maziwa. Biblia. Kahawa iliyomiminwa pembeni ya kikombe. Ile siku alipomsalimia mchungaji akidhani ni Fonnie, wakacheka wote. Machozi yakamtiririka waziwazi mchana kweupe, na mumewe amekaa pale kando yake, bega kwa bega, akizungumza juu ya bei ya kondoo, wala hakuuliza analia nini. Hilo ndilo lililomkata maini kuliko yote, kwamba angeweza kulia mbele ya uso wa Barend mpaka Rehoboth na Barend asijue.

Mngetaka aseme, najua. Angesema nini? Mwanamume yule alikuwa ametoboa chuma cha baba yake ili asiseme. Lenie alipiga moyo konde: mwenyewe atamwambia, siku atakayoweza. Mpaka siku hiyo njiwa yupo.

*

Walifanyia mazoezi kwenye mto mkavu nyuma ya zizi, mahali ambapo ukingo ni mrefu na risasi haina pa kwenda. Barend alimwagiza aweke boksi la unga kwenye ukingo na kulichora duara kwa kopo la dawa ya viatu. Yeye akasimama upande wake wa kulia, hatua moja tu, mikono nyuma.

"Lala kifudifudi. Mfuko wa mchanga chini ya mbao ya bunduki, si chini ya mtutu. Kitako kiingie begani, usikiogope, ukikiachia nafasi ndipo kinapopiga. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Sasa shavu. Lisogeze mbele kwenye mbao, mbele zaidi, mpaka pua ikaribie kidole gumba. Jicho liwe karibu. Baba alinifundisha hivyo, jicho likaribie chuma."

Hivyo ndivyo ulivyo ufundi wa watu wa lengeo la chuma, na kwa lengeo la chuma ni sahihi. Kwa darubini ni balaa. Bunduki inaporudi nyuma, darubini hurudi nayo, na jicho likiwa karibu, ule ukingo wa chuma huja moja kwa moja juu ya nyusi. Mwalimu yeyote wa darubini angeona na kupiga kelele. Barend hakuwahi kuwa na darubini, na Barend hakuona.

"Vuta pumzi. Itoe nusu. Bana kidole taratibu, kama unamkamua mbuzi mkali."

Mlio ukapasua mto. Lenie aliona nyota, kisha akaona wekundu. Alipoweka mkono usoni ukajaa damu, ikishuka juu ya jicho, kwenye pua, hadi mdomoni ikiwa na chumvi.

"Imepiga wapi?" Barend akauliza, akitabasamu kuelekea kwenye boksi.

Alikuwa amesimama pale pale. Kivuli chake kilikuwa juu ya mkono wa mkewe wenye damu.

Lenie akavuta kitambaa cha kichwani hadi kwenye nyusi, akabana. "Kulia kidogo, Baba. Nje ya duara."

"Umeumia?"

"Bega tu."

"Bega litazoea! Si mbaya kwa wa kwanza. Tena."

Akapiga tena. Safari hii aliacha kichwa nyuma, akifumba macho kwa woga, na risasi ikaenda kuzama ukingoni mbali na boksi. Barend akacheka, cheko la zamani ambalo Lenie hakuwa amelisikia tangu kiangazi. "Umefumba macho!" akasema. "Nimesikia. Mtu akifumba macho hubana na pumzi."

Kesho yake Fonnie alikuja kuazima spana. Barend yuko zizini, Lenie anaanua nguo, upepo ukamwinulia kitambaa. Fonnie, mtu wa sauti ya kuita ng'ombe mlima wa pili, akaiona ile alama: mkato mwembamba uliopinda juu ya nyusi, kama mwezi mwandamo. Huku kwetu hakuna asiyejua maana yake.

"Shangazi Lenie! Darubini imekupiga busu!"

"Punguza sauti, Fonnie."

"Karibu kwenye chama! Hata mimi ninao mwezi huu, tazama hapa. Mjomba Barend amesemaje? Si amekufa kwa kicheko?"

"Hajui. Na hutamwambia."

"Hajui? Shangazi, iko katikati ya uso!"

"Nimesema hutamwambia. Ukimwambia, nyama yako mwaka huu utaikata mwenyewe."

Tishio hilo lilimwingia. Fonnie alidhani ni aibu tu ya mwanafunzi, akaapa kwa mkono juu. Kisha, kwa kuwa si mtu mbaya, akamnong'oneza: rudisha jicho nyuma kwa upana wa vidole vinne, ukiona kivuli cheusi pembezoni mwa kioo umekosea, ukiona duara safi, hapo ndipo. Tangu siku hiyo Lenie alikuwa na walimu wawili, na mmoja hakumjua mwenzake.

Lakini mwalimu alikuwa Barend. Wacha niseme ukweli: sijasikia mtu aliyefundisha vile. Alisikiliza. Alijua kwa mchakacho wa nguo kwamba kiwiko kimeteleza. Alimwuliza matundu yako wapi, na hapo Lenie hakuthubutu kudanganya, maana alikuwa akijenga juu ya majibu yale. "Chini kushoto? Unavuta kifyatuo kwa hasira, Mama. Kina kosa gani?" Akajaza risasi mwenyewe kwa kupapasa, na katikati ya risasi akaficha ganda tupu bila kumwambia, Lenie akavuta, bunduki ikalia tik, na bega lake likaruka peke yake kama chura. "Umeona? Unaogopa mlio ambao haujafika." Wakacheka mpaka Lenie akaketi mchangani. Katikati ya kicheko akakumbuka, akainuka kuokota maganda ya risasi.

Barend hakumgusa uso, msiulize sana. Tangu macho yake yaharibike alilala akiwa amemgeuzia mgongo, mikono kifuani, kama mtu anayelinda kitu. Lenie alijifunga kitambaa chini hadi nyusi, usiku na mchana.

Jioni moja, jua bado liko juu ya vilima, walimaliza mapema. "Tazama kwenye darubini," Barend akasema. "Niambie unachokiona."

"Naona kinu cha upepo cha kwa Fonnie. Panga moja limekatika."

"Endelea."

"Mgunga mkavu. Kondoo wetu wawili, yule wa kichwa cheusi na mwingine. Vumbi la gari barabarani."

"Endelea, Mama."

Akaendelea mpaka vitu vikamwishia, akaanza kutaja mawe. Barend alisikiliza kwa kichwa kilichoinama, na Lenie akajua kwamba anaweka akiba. Karibu aseme. Neno lilifika kwenye meno. Barend akakung'uta suruali, akasema goti linamuuma, wakarudi nyumbani.

*

Siku ya mawindo umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi, na watu walikuwa tayari kwa Fonnie wakizunguka moto, kahawa mkononi, mikate ikigeuzwa juu ya makaa. Lenie alishuka garini, bunduki begani ikiwa haina risasi, na Barend akashika ncha ya koti lake.

"Mjomba Barend!" mmoja akaita. "Unamchunga asitoroke?"

"Mwanamke mwenye bunduki lazima umshike," Barend akajibu. "Akikimbia nitapika mimi, mtakufa wote."

Wakaangua kicheko. Walimpenda, na walidhani ni goti. Walipoiona darubini juu ya bunduki ile ya lengeo la chuma wakapiga makofi kwa dhihaka, wakamkumbusha maneno yake yote ya nyuma, naye akayapokea yote akitabasamu kuelekea sauti. Lenie alitembea nusu hatua mbele, akisema maneno ya kawaida kwa sauti ya kawaida: "Jiwe hapa, litaniangusha mie. Shimo la nungunungu, ona." Hivyo wakafika mahali pao nyuma ya mwamba, na hakuna aliyegundua chochote.

Swala walikuja wakitembea upande wa kisima, weupe kwa chini, mistari ya kahawia ubavuni. Lenie akalala. Akarudisha jicho vidole vinne. Duara likawa safi.

"Wapo?" Barend akanong'ona. Kwa macho yake ya zamani angesema "wapo", asingeuliza.

"Wapo. Dume liko peke yake kando."

"Limekaa ubavu?"

"Ubavu."

"Basi ni lako. Usilifikirie. Mkamue mbuzi wako."

Bunduki ikalia. Baada yake ikaja sauti ya pili, ndogo, kama kofi juu ya gunia la unga, na Barend akaufyatua mkono hewani kabla ya mtu yeyote. "Imeingia! Begani! Nimesikia, begani!"

Na kweli ilikuwa begani.

Watu wakakusanyika. Sisi tuna desturi yetu kwa anayeangusha mnyama wake wa kwanza, hupakwa damu ya mnyama huyo usoni, na kazi hiyo haifanywi na mwingine ila aliyemfundisha. Dume lilikuwa limelala, na ule mkunjo wa ngozi mgongoni ukawa unafunguka polepole kama swala wanavyofanya wanapokufa, manyoya meupe marefu yakisimama. Hapo hutoka harufu ya asali. Hukaa kidogo tu, kisha huondoka na mnyama. Barend alipiga magoti, akazika uso wake ndani ya ule weupe, akakaa. Lenie akamshika mkono, kwa macho ya watu kama mke mwenye furaha, akauweka penye jeraha. Kidole kikapata tundu. "Nyuma ya bega, chini ya katikati," Barend akatangaza. "Hakusikia hata mlio. Hii ni risasi ya nyumba ya Diergaardt!"

Walishangilia. Hakutakuwa na beseni. Lenie aliwaza hivyo, akaona mlima umemshuka mgongoni.

"Sasa damu!" Fonnie akapaza sauti. "Shangazi, vua kitambaa."

Lenie akakishika kitambaa. "Baba anipake hivi hivi."

"Paji la uso lazima liwe wazi! Sheria ni sheria!"

"Kuna baridi, Fonnie."

"Vua! Vua!" watu wakaimba, wakipiga makofi, na Fonnie, ambaye alikuwa amesahau kiapo chake kabisa kwa furaha, akakivuta kitambaa kwa nyuma kwa utani tu.

Barend alichovya vidole kwenye damu ya moto. Akanyoosha mkono, akapapasa hewa, akampata shavu. Akapaka shavu la kushoto, akapaka la kulia, taratibu mno. Mtu akasema, "Mjomba, unapaka ukuta rangi?" na wengine wakacheka. Barend hakucheka. Vidole vyake vilikuwa vikitembea, kwenye taya, kwenye kope, kwenye mikunjo ya pembeni ya mdomo, na Lenie alielewa kwamba mumewe anamtazama. Akamwachia uso wote.

Kidole kikafika kwenye nyusi. Kikasimama.

Kikarudi. Kikafuata ule mpindo kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake, kisha tena.

"Mama," Barend akasema. "Hii nini?"

Lenie akafumba macho chini ya kidole.

"Huu ni mwezi. Huu ni mwezi wa darubini." Sauti yake ilikuwa imeshuka, lakini hapakuwa na upepo na kila mtu alisikia. "Ni wa lini?"

"Wa siku ya kwanza, Baba."

"Siku ya kwanza. Ulitoka damu?"

"Kidogo."

"Mimi nilikuwa nimesimama wapi?"

Hapo Lenie angeweza kudanganya. Alikuwa amedanganya miezi yote hiyo, na angeweza mara moja zaidi. "Hapo hapo," akasema. "Pembeni yangu."

Kicheko cha watu kilikuwa kimezimika chenyewe. Fonnie alishika kile kitambaa kwa mikono miwili, kinywa wazi, na alimtazama Barend machoni kwa mara ya kwanza mwaka ule, sawasawa, kama unavyomtazama mtu; na macho yale yalikuwa yakitazama bega la mtu mwingine.

"Tangu lini unajua?" Barend akauliza.

"Tangu dukani. Hakukuwa na njiwa, Baba. Kifuniko kilikuwa hakijatolewa."

Barend aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayekubaliana na hesabu. Kisha uso ule wa kiburi, uso uliotuchekesha na kututukana msimu baada ya msimu, ukavunjika mbele yetu. Alilia kwa sauti, na mikono yake yenye damu haikujua pa kwenda. "Nilikuumiza," alikuwa akisema. "Nilikuambia usogee karibu. Nilikuambia usogee karibu na sikuona." Wanaume wakavua kofia kana kwamba kuna maiti.

Lenie naye alilia, damu na machozi vikichanganyika hadi shingoni, wala hakupangusa.

Barend alipotulia, alijifuta kwa mkono wa koti. Akasimama wima. Hakutaja goti. Mbele ya nyumba zote za pande zile akasema, kwa sauti ya kusikika, "Mama, nishike mkono. Sioni njia."

Akaunyoosha mkono wake upande wa kushoto, ambako hakukuwa na mtu. Lenie alikuwa kulia. Hakumwambia. Alizunguka nyuma yake taratibu, asije akasikia nyayo, akasimama pale mkono ulipokuwa, akaushika.